Bei Iliyovundikwa

Hakuwahi kusema "bei". Alisema "bei ya leo", na akilitamka neno leo alikuwa akiligonga kabati la vioo kwa kidole cha shahada, mara moja, polepole, kana kwamba kesho duka lingeng'oka lilipo na kwenda zake. Wateja walikuwa wakikitazama kile kidole. Mimi nilikuwa nikiutazama uso wake, na haukuwa na chembe ya aibu.

Tulimwita Mzee wa Kaunta. Duka lilikuwa Bamburi, kando ya barabara kubwa, likiuza simu, redio, pasi za umeme, na hizo tableti zilizotupa jina. Mwenye duka alikuwa na maduka mengine mjini na kwetu alifika mara moja kwa mwezi, akanywa soda, akaondoka. Mwenye amri ya kila siku alikuwa Mzee, ingawa hakuna karatasi iliyosema hivyo. Mimi nilikuwa nikikaa Kiembeni na mama yangu, na kazi yangu ilikuwa kuchapa vibandiko vya bei na kupanga vitu kabatini. Nilikaa chini ya mkono wake miaka saba. Kazi yote ninayoijua alinifundisha yeye. Nimejaribu kumchukia moja kwa moja nikashindwa, na hilo nalo linaniudhi.

Alivaa shati jeupe lililofungwa kifungo cha mwisho, joto la Bamburi lisimtoe hata jasho. Ijumaa alikuja na kanzu. Alikuwa akitafuna karafuu moja tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na mteja aliyemsogelea alivuta harufu hiyo kabla hajasikia neno lolote. Yeye aliyeuza tableti nyingi kuliko mtu yeyote pande zetu hakuwa na tableti. Mfukoni alikuwa na kale kasimu ka mulika mwizi, kamefungwa mpira kifuniko kisidondoke. Ukimtania kuhusu hako kasimu alikatazama kama mtu anayemtazama mzazi wake, akasema, "Hini hainiombi kitu."

Neno lake kubwa lilikuwa kuvundika. Sisi watu wa pwani tunajua kuvundika ndizi: unakata mkungu ungali mbichi, unaufukia au kuufunika kwa magunia, unauacha upate joto, na siku ukiufunua ndizi zimeiva. Yeye alivundika bei. Wiki kadhaa kabla ya sikukuu, iwe Idi, iwe Pasaka, iwe Krismasi, iwe ule mwezi wa kwanza ambao wazazi hukimbizana na vitu vya shule, aliniita stoo.

"Ndoo hapa, mwanangu. Tuzivundike."

Basi nilichapa vibandiko vipya, na tableti zote zikapanda bei siku moja. Hata zile za maonyesho, ambazo watu walizoea kuzishikashika, alizizima na kuzifungia ndani. Kitu kinachovundikwa hakifunuliwi, alisema, mpaka siku yake. Wiki hizo hatukuuza hata moja, naye hakujali. Mteja aliingia, akauliza, akatajiwa ile bei ya juu, akatoka akitikisa kichwa. Mzee alifurahi.

"Mwache ende. Ashaiona. Atafika kwake aiseme."

Wiki ya sikukuu ikifika, alichukua kalamu nene ya wino mwekundu akapiga mstari juu ya ile bei, kibandiko kwa kibandiko, mstari ulionyooka sawasawa bila rula. Chini yake aliandika bei mpya kwa mkono. Na bei mpya ilikuwa ile ile ya kabla ya kuvundika. Mwaka mwingine ilikuwa imezidi kidogo.

Mara ya kwanza nilipoelewa mchezo wenyewe nilimuuliza kama si haramu, maana alikuwa mtu wa swala tano na mimi Mkristo nilimwogopea Mungu wake. Hakukasirika. "Nimemwongopea nani?" aliniuliza. "Bei ya juu ilikuwapo? Ilikuwapo, wewe ndiwe uliyeichapa. Imekatwa? Imekatwa. Mtu hapendi kitu cha rahisi, mwanangu. Apenda kitu kilichokuwa ghali jana."

Nilicheka. Nataka hili lijulikane kabla sijamlaumu mtu: nilicheka, nikarudi kwenye mashine yangu, nikachapa.

Kwa kweli tableti zilipofika dukani mara ya kwanza hakuna aliyezitaka. Zilikaa kabatini zikila vumbi. Watu waliuliza kama ni simu au ni televisheni, wakiambiwa si hii wala si ile wanaona hawana haja nayo. Mwenye duka alitaka kuzirudisha. Mzee akamwomba sikukuu moja tu. Aliivundika bei, akaikata, na asubuhi ya siku ya kwanza akamwambia bawabu afungue ubao mmoja tu wa mlango.

"Duka lote liko tupu na mlango wafunga?" bawabu alishangaa.

"Waingie wawili wawili," alisema Mzee. "Waliobaki na wasimame nje, waonekane."

Kufikia saa nne foleni ilikuwa imefika kwa mama muuza mbaazi. Wapita njia walisimama kuuliza kunatolewa nini, na wengine walijipanga kabla ya kujibiwa. Mama mmoja alisimama juani zaidi ya saa nzima, alipofika kaunta akapangusa uso kwa leso, akauliza, "Ni unga?" Mzee akamjibu kwa heshima zote kwamba si unga, akamwonyesha tableti, akagonga kioo kwa kidole, akataja bei ya leo. Yule mama alinunua. Wallahi, kama asemavyo Mzee, alinunua, na mpaka leo sijui alikwenda kuifanyia nini.

Tangu hapo tableti zikawa kitu. Kanisani kwetu kiongozi wa kwaya aliacha kitabu cha nyimbo akawa anaimba akiishika mbele ya uso. Harusini usingemwona bibi harusi, umezuiwa na shangazi watano walioinua tableti juu kupiga video. Kule Junda kinyozi mmoja aliitundika ukutani ikawa inaonyesha mitindo ya nywele, na wateja walikuja kuitazama hata kama hawana nywele za kunyoa. Waliooana walizawadiwa tableti mahali pa birika na sufuria. Baada ya miezi michache nyingi zilikuwa zimepasuka kioo, chaja imepotea, zimegeuka za kuonyeshea watoto katuni wakati wa kulishwa. Jirani yangu aliitumia yake kuegemezea dirisha lisilofunga. Lakini sikukuu nyingine ikifika hao hao walikuwa kwenye foleni, maana kulikuwa na nyingine mpya, na hiyo nayo ilikuwa na mstari mwekundu.

"Hawanunui kitu hawa," Mzee aliniambia siku moja akiwatazama kupitia kioo, na sauti yake haikuwa ya kejeli, ilikuwa ya huruma hasa. "Wanunua mstari."

Ubishi wake niliuona siku mwenye duka alipoleta bango la ile siku ya punguzo ya mwezi wa kumi na moja, lililoandikwa kwa herufi kubwa "Ijumaa Nyeusi". Mzee alilikunja palepale. Alisema Ijumaa ni siku kuu, haiitwi nyeusi, na kama ni lazima iitwe nyeusi basi yeye siku hiyo hatakuja. Mwenye duka alimbembeleza, akamtishia, akambembeleza tena. Mwishowe lilichorwa bango jingine, "Ijumaa Njema", na waumini wa msikiti wa karibu walikuja kumpa mkono kwa kulitetea jina la siku ile. Aliipokea mikono yao yote. Bei zilizokuwa chini ya lile bango jema nilikuwa nimezichapa mimi mwenyewe mwezi mzima nyuma, zikiwa zimevundikwa. Jina alilipigania, bei hakuigusa.

Halafu mtu huyo huyo alikuwa na asubuhi zake. Kabla wateja hawajajaa, aliweka viti vya plastiki pembeni ya duka, wakaja akina mama ambao mabinti zao walikuwa wamekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Aliwafundisha kupiga simu ya video. Hakuuliza kama kifaa kimenunuliwa kwetu. Alishika kidole cha mtu mzima mwenzake, akakipeleka penye kitufe, akangoja. Mama mmoja wa Kisauni ilimchukua wiki tatu kujua kukata simu, na wiki hizo tatu alikuwa akimuaga bintiye kwa kukifunika kifaa na leso. Mzee hakumcheka. Mimi nilikwenda kuchekea stoo.

Na kuna siku alikataa kuuza. Kijana mmoja wa kutoka bara, aliyekuwa akifanya vibarua bandarini na kupanga Junda, aliingia na pesa mkononi, wiki ya Krismasi, mstari mwekundu ukimwita.

"Kwako kuna stima?" Mzee akamuuliza.

"Stima itakuja tu, Mzee. Niuzie bana, ni pesa yangu."

"Utaitia moto na nini?"

"Kwa jirani."

"Mkeo ajua kama uko hapa?"

Kijana akageuza uso nje. Mzee akaichukua tableti akairudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo. "Nenda ukarudi naye," alisema. Kijana alitoka akilaani, akamwita mzee wa ovyo, na mwenye duka alipopata habari alimgombeza Mzee mbele yetu sote. Siku ile nilimpenda kama baba. Niliamini kwamba ndani ya huyu mtu kuna mahali ambapo mstari mwekundu haufiki, na kwamba sisi watu wake tuko mahali hapo.

Sasa nifike kwa mama yangu.

Mama alikuwa akiuza viazi vya karai mbele ya ploti tunayopanga, mpaka sukari ilipomwingia machoni. Jicho la kushoto lilizimika kwanza. La kulia lilibaki, likiwa na ukungu. Hospitali walilichoma miale mara mbili, daktari akasema lililobaki ndilo hilo, tulitunze. Mdogo wangu wakati huo alikuwa Uarabuni mwaka wa tatu. Alikuwa akipiga simu kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, na kila Ijumaa alisema yu mzima, anakula vizuri, bosi wake ni mtu mwema. Kwenye kioo cha simu yangu mama aliona doa la rangi ya kahawia likitikisika.

"Kwa maneno hata mgonjwa husema yu mzima," alikuwa akiniambia. "Mimi nataka nimwone mashavu."

Mwezi wa kumi, Ijumaa asubuhi, tulitoka kliniki mimi na yeye, tukapitia dukani anywe maji. Mzee alimwamkia, akamtazama anavyopapasa kiti, akaniuliza pembeni, "Mamako mato yana nini?" Nikamweleza. Alikwenda kabatini akatoa ile tableti kubwa kuliko zote, ya maonyesho, akaisimamisha mbele ya mama, akaniambia nimpigie mdogo wangu.

Uso wa mdogo wangu ukajaa kile kioo. Mama alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Alimtazama upande mmoja wa uso, kisha upande wa pili, kama anavyochagua nyanya sokoni.

"Umekonda," alisema.

Mdogo wangu akacheka. "Ah, mama, ni simu tu."

"Na huo mkono?"

"Mkono gani?"

"Huo ulioshikia. Inua. Hiyo alama ni ya nini?"

Mdogo wangu aliushusha mkono. Akasema ni pasi, aliteleza akipiga pasi. Mama hakubishana naye. Alimwambia ale, alale, amalize mkataba arudi, na simu ilipokatika alibaki amekishikilia kile kioo kwa mikono miwili. "Pasi haiunguzi hapo," aliniambia polepole. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kumwona mwanawe, na mambo mawili ambayo mimi mwenye macho mazima nilikuwa sijayaona, yeye aliyaona kwa jicho moja lenye ukungu.

Wiki ile zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilikuwa imenifikia. Pesa nilikuwa nazo mkobani, na bei ilikuwa bado ya kawaida; kuvundika kungeanza Jumatatu. Nikamwambia Mzee, mama akisikia, "Hii naichukua leo."

Aliweka kiganja juu ya tableti.

"Leo? Wewe mtoto wa dukani ununue kwa bei ya watu wa njiani? Ngoja Krismasi, mwanangu. Wafanyakazi wana punguzo lao Krismasi, tena la kweli. Hini hini n'takutilia kando."

"Lakini macho ya mama, Mzee..."

"Ni wiki ngapi hizo? Wallahi hazifiki kumi."

Mama naye akadakia, "Tungoje, mwanangu. Kitakachobaki tutanunulia dawa."

Nami nikakubali. Mimi niliyechapa vibandiko vyote vile, niliyejua mchezo toka mzizi hadi jani, niliambiwa sikukuu inakuja nikangoja kama yule mama wa unga. Nilidhani kuna bei ya watu na kuna bei yetu sisi. Mzee aliifunga ile tableti kwa karatasi, akaandika jina langu kwa kalamu yake nyekundu, akaipandisha rafu ya juu kabisa stoo. Nilikuwa naiona kila nikiingia kuchukua karatasi za vibandiko.

Jumatatu tukavundika. Za maonyesho zikafungiwa kama kawaida. Ningeweza kumwomba anifungulie moja kila Ijumaa, angenifungulia, najua. Mama alikataa. Alisema tusimsumbue mzee wa watu, yetu inakuja. Akawa anahesabu Ijumaa kwa vidole.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Mama alikuwa ameketi barazani asubuhi akichambua choroko, akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa. Alisema kuna kitu cheusi kinachuruzika ndani ya jicho, kama masizi ya sufuria yaliyomwagiwa maji. Tulipofika hospitali masizi yalikuwa yamejaa. Daktari alisema damu imevujia ndani ya jicho, kuna macho ambayo hujisafisha yenyewe, tungoje. Tukangoja tena. Lake halikujisafisha.

Sikumwambia Mzee. Nilirudi kazini nikasema mama ana homa.

Siku moja kabla ya Krismasi alinipandia mwenyewe rafu ya juu, akashusha kile kifurushi chenye jina langu, akakifuta vumbi. Aliwaita wenzangu watazame. Alikifungua, akabandika kibandiko kipya, akatoa kalamu akapiga mstari juu yake, sijapata kuona mstari ulionyooka kama ule, akaandika chini yake bei yangu, ya mfanyakazi, ya kweli. Punguzo lilikuwa la kweli, hilo silikatai. Ila lilikatwa kwenye bei iliyovundikwa. Nilisimama pale nikafanya hesabu kichwani, na jibu lilikuwa pesa zile zile nilizokuwa nazo mkobani mwezi wa kumi. Hakuna hata shilingi iliyobaki ya dawa.

"Umeona?" aliniambia huku akitabasamu mpaka karafuu ikaonekana. "Si nalikwambia?"

Nililipa. Nyumbani nilikuwa nimemwambia mama kwamba sasa hakuna haja, akanikatalia. "Nunua," alisema. "Mimi simwoni, lakini yeye ataniona."

Basi kila Ijumaa tunaisimamisha mezani. Mama anaoga, anajifunga leso nzuri, anakaa mbele yake na uso ameuelekeza mahali nilipomwonyesha. Mara nyingine anakosea kidogo, anauelekeza dirishani, nami namgeuza kidevu. Mkataba wa mdogo wangu uliisha ukaongezwa, sijui kwa hiari ya nani. Wakishaamkiana mama ananiuliza mimi, si yeye: "Amekonda?" Namtazama mdogo wangu kwenye kile kioo kikubwa chenye rangi zote. Naye ananitazama, anatikisa kichwa polepole, ananiomba.

"Hapana, mama. Amenona."

"Na mkono?"

"Mkono hauna kitu."

Mama anaridhika, anashusha pumzi, anaanza habari za majirani. Nikiwa kazini nilikuwa nikichapa bei ya uongo, na kazi niliyoiacha dukani sasa naifanyia nyumbani.

Duka lilifungwa baadaye. Watu walijifunza kununua kwa simu, wanaletewa mlangoni na mistari yao myekundu imekwisha kupigwa huko huko. Siku ya mwisho Mzee alikunja mabango yote akayafunga kwa kamba, akanipa ile kalamu. Niliiacha juu ya kaunta. Hatukuagana vizuri, na nadhani alifikiri ni huzuni.

Sasa nafanya kazi kwenye duka la dawa Kisauni. Mama, kila akinisikia navaa viatu, hunikumbusha jambo moja. "Ukimwona yule mzee wa dukani kwenu umpe shukrani zangu. Ndiye aliyenionyesha mwanangu. Bila yeye nisingekuwa na uso wa kukumbuka." Namjibu abee, mama, nitampa. Jambo hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu ni kweli.

Nilimwona mwaka jana, wiki ya Idi. Kuna duka kubwa ninalolipita kila siku nikienda kazini, na asubuhi ile lilikuwa na foleni nje mpaka barabarani. Mlango ulikuwa umefunguliwa ubao mmoja. Nilitabasamu mwenyewe kwa uchungu, nikawa natazama nyuso za waliojipanga juani, nikamwona. Shati jeupe, kifungo cha mwisho. Alikuwa amezeeka sana, amebaki mabega. Mkononi alikuwa na karatasi ya matangazo iliyokunjwa, na juu ya picha ya tableti mstari mwekundu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu! Wewe!" Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Harufu ya karafuu ilikuwa bado ile ile. Akaniambia amekuja kumnunulia mkewe, magoti yamemshinda, hatoki tena, apate kuwaona wajukuu waliohamia mbali. Alikuwa amefika tangu saa kumi na mbili.

Niliitazama ile karatasi. "Mzee, mimi napita hapa kila siku. Mwezi wa nyuma kabla hawajapandisha, ilikuwa kabatini kwa bei hiyo hiyo. Haikuwa na mstari."

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Naliiona. Nikasema nitangoja sikukuu." Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekueleza kwamba amengojea adhana ndipo afuturu. "Mamako hajambo? Yuamwona mwanawe vizuri kwa ile kubwa?"

Miaka yote nilikuwa nikiyapanga maneno yangu, nikiyapanga makali na marefu. Yalitoka mafupi. "Mama haoni, Mzee. Alipofuka tukiingoja Krismasi yako. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja."

Mikono yake ilikuwa bado imeushika wangu. Nikaisikia inapoa. Watu wa mbele na wa nyuma walikuwa wakituangalia.

"Mbona hukunambia?"

"Ungefanya nini?"

Alitazama chini, kwenye ile karatasi. "Wallahi, mwanangu," alisema kwa sauti iliyokuwa imebaki nusu, "niliowapenda wote naliwaambia wangoje."

Bawabu akaita wawili wengine. Foleni ikasonga. Mtu wa nyuma akamgusa bega, akamwambia asogee kama ananunua, au atoke. Mzee alinitazama, akatazama mlango, akauachia mkono wangu. Akasogea.

Nilisimama pale juani nikiwa na shukrani za mama mdomoni, nilizotumwa kumpa na ambazo zilikuwa haki yake. Nilimwangalia akipiga hatua nyingine, na nyingine. Kisha nikageuka nikaenda kazini, sikumpa.